Neno la Sita

Kama unamtafuta mtu aliyesoma falsafa na sasa anakata wazee kucha za miguu, usihangaike kuuliza barabara nzima. Ni Donat Cirhuza. Miaka mitatu ya seminari kuu kule Bukavu, sita ya kufundisha dini sekondari, kisha vita, kisha kambi, kisha ndege, kisha Brussels. Ofisi inayopima diploma za wageni ilimwandikia barua ya mistari minne, kwa adabu zote za Kifaransa, kwamba masomo yake hayalingani na chochote. Si kwamba yako chini kidogo, aongeze mwaka mmoja. Hayalingani na chochote! Barua hiyo anayo hadi leo, ameikunja ndani ya kitabu cha sala, na usidhani ameiweka humo ili aiombee.

Basi akawa mlezi wa wazee majumbani. Miaka kumi na tisa sasa. Anaishi na mkewe Cécile juu ya duka la vitenge kwenye Chaussée de Wavre, na kila asubuhi anapanda metro kwenda kuosha migongo ya watu ambao wengi wao wanamwita "wewe" hata baada ya mwaka. Kazi anaiweza, hilo hakuna wa kumnyima. Wazee kumi na saba wamekata roho mikononi mwake. Na kila mara, pumzi inapobadilika, ile pumzi ya kuvuta na kusahau kurudisha, dole gumba la Donat huenda lenyewe kwenye paji la uso wa mgonjwa, kisha kifuani, kisha mabegani, na mdomo wake unasema kwa Kiswahili cha mama yake: kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Hakuna aliyemwagiza. Wengine kati ya wazee hao hawakuwa wametia mguu kanisani tangu wabatizwe. Lakini kwake ilikuwa sehemu ya kazi, sawa na kufumba macho ya maiti na kumfuta uso.

Miaka miwili iliyopita kampuni ikamtuma Woluwe-Saint-Lambert, kwa mzee aliyekwisha kufukuza walezi wanne. Jina lake Monsieur Lazar. Myahudi, mjane, umri miaka themanini na minne, macho yamebaki na ukungu tu. Alikuwa amefundisha chuo kikuu miaka thelathini na minne, na somo lake lilikuwa moja: jinsi wanafalsafa wa Kiyahudi wa zamani, wale wa Hispania na Misri walioandika kwa Kiarabu, walivyothibitisha kwa akili kwamba Mungu yupo, na kwamba ni mmoja. Donat hakuambiwa lolote kati ya hayo. Aliambiwa: mzee ana sukari, ana hasira, hapendi supu.

"Unajua kusoma?" Hilo ndilo neno la kwanza alilopokewa nalo, hata koti hajavua.

Damu ikampanda Donat. "Kwa lugha ngapi, Monsieur?"

Mzee akacheka puani, akamsukumia rundo la karatasi. Lilikuwa kitabu chake mwenyewe, alichotaka kukisahihisha kabla hajafa. Donat akaketi, akasoma kwa sauti. Kila kinachosogea kimesogezwa na kingine. Na hicho kingine nacho kimesogezwa. Na mnyororo huu hauwezi kurudi nyuma bila mwisho, kwa hiyo lazima yuko wa kwanza, asogezaye bila kusogezwa. Hapo Donat akanyamaza.

"Umechoka mapema," mzee akasema.

"Sijachoka. Hapa umeruka, Monsieur. Umesema mnyororo hauwezi kurudi nyuma bila mwisho, lakini hukusema kwa nini. Mwanafunzi mkaidi atakuuliza, kwa nini usirudi tu milele?"

"Na wewe ungemjibu nini mwanafunzi mkaidi?"

"Ningemwambia aweke vipofu mia wameshikana mikono, wanatembea, na hakuna anayeanguka. Aongeze wawe elfu, wawe laki. Kuongeza vipofu hakuleti macho. Kama msafara unafika, mbele yuko anayeona."

Halafu yule mzee kipofu akacheka mpaka akakohoa, na Donat akalazimika kumshikilia mgongo. "Vipofu!" alisema akifuta machozi. "Umenitupia vipofu mimi! Umesoma wapi?"

"Bukavu."

"Andika hayo pembeni ya ukurasa," mzee akasema. "Andika: Bukavu."

Nakwambia, Donat aliporudi nyumbani siku hiyo alikuwa anatembea kama mtu aliyeongezewa urefu.

Tangu hapo wakawa hivyo. Asubuhi dawa, kuoga, sindano ya sukari. Mchana hoja. Walikuwa wakibishana mpaka jirani agonge ukuta. Hoja aliyoipenda Monsieur Lazar kuliko zote ni ile ya umoja, na aliitoa akiwa ameinua kidole kimoja, hata kama amekaa chooni na mlango uko wazi. "Tuseme miungu ni wawili. Nini kinawatofautisha? Kama hakuna kitu, basi ni mmoja, wewe umemhesabu mara mbili kama mlevi. Kama kipo, basi kila mmoja ana vipande ndani yake: kile wanachofanana, na kile kinachowatenga. Na chenye vipande yupo aliyeviunganisha. Huyo aliyeunganisha ndiye tunayemtafuta. Hao wawili waambie waende zao."

"Na wakishirikiana?" Donat akachokoza. "Cécile na dada yake wanapika sombe, majani ya muhogo, sufuria moja."

"Dada yake asipokuja, sombe inaiva?"

"Inaiva. Tena inaiva vizuri zaidi."

"Basi dada hana kazi! Na kama haiivi, Cécile wako ni dhaifu. Asiyehitajika si Mungu, na anayehitaji msaada si Mungu."

"Na sisi wa Baba, Mwana na Roho, unatuweka wapi?"

"Ninyi," mzee akasema, akishusha kidole taratibu, "mna hesabu zenu. Niletee chai."

Walicheka. Lakini kulikuwa na uchungu chini ya kicheko cha yule mzee, na siku moja ulitoka. Donat alimwuliza waziwazi kama baada ya hoja zote hizo yeye mwenyewe anaamini. Monsieur Lazar akageuzia uso dirishani, ingawa dirisha lilikuwa halina faida kwake. "Nimethibitisha kwamba yupo, kila mwaka, miaka thelathini na minne. Hakuja darasani hata siku moja." Kisha akasimulia.

Alikuwa na miaka minne, Wajerumani wameshika nchi. Mama yake akampeleka kwa masista, kwenye konventi moja upande wa Namur, waliokubali kumficha. Mlangoni mama akapiga magoti, akamwambia mtoto aseme naye maneno sita ya Kiebrania, yale ambayo Myahudi huyasema asubuhi na jioni, na tena saa ya kufa: kwamba Bwana ni Mungu wetu, na kwamba ni mmoja. Neno la sita ndilo hilo, ehad, mmoja. Mama akamshika kidevu mpaka akalisema vizuri. Halafu akaenda. Alikamatwa kiangazi hichohicho, akapitishwa kambi ya Malines walikokusanywa Wayahudi, akapandishwa treni, na habari yake iliishia hapo. Ndani, sista mmoja mwenye mikono ya baridi akamfundisha mtoto jina jipya na ishara ya msalaba. Paji la uso, kifua, bega, bega. Alimrudisha mwanzo mara hamsini kwa siku, maana askari wakija kupekua, mtoto akikosea bega, wote wanakufa. Kila akipatia, sista anauliza, umeelewa? Na yeye anajibu: ndiyo, Sista.

"Waliniokoa," mzee akasema. "Sina neno baya juu yao. Lakini vita vilipokwisha nilikuwa nimesahau maneno ya mama yangu, yote, na ishara ile mkono wangu uliijua hata usingizini. Nilijifunza upya nikiwa na miaka kumi na mbili, kitabuni, kama mgeni. Unadhani kwa nini nimeyamaliza maisha yangu yote kwenye hoja za umoja? Kwa sababu ya vitabu?"

Mzee akatafuta mkono wa Donat, akaushika.

"Sikia sasa. Binti yangu Myriam ni mtoto mzuri, lakini hayuko hapa mchana. Wewe uko. Sijui kama yupo wa kunisikia. Ila neno langu la mwisho nataka liwe lile la mama yangu. La sita. Ukiona saa imefika, yaseme taratibu, mimi nitafuatisha. Nikishindwa, niyasikie tu. Waweza?"

"Naweza," Donat akasema. Na hakusema kwa kumridhisha mgonjwa. Aliapa.

Akayajifunza. Myriam, aliyekaa Auderghem na kuja kila Jumapili, akayaandika kwenye kadi kwa herufi za Kifaransa, wakaibandika kwenye taa ya kitandani. Donat akayasema kwenye metro, akayasema akimenya viazi, mpaka Cécile, ambaye humwita kwa jina la binti yao, akachoka naye.

"Papa Jémima, unasemaka nini peke yako? Jana ku métro bantu bote banakuangalia, donc weye hauoni?"

"Ni maneno ya muzee. Anataka nimusaidie siku ya kufa."

"Bon. Na weye, siku yako, nani atakusaidia? Ama ulishageukaka Juif sawa yeye?"

"Mungu ni moya tu, maman."

"Ni moya, nani alikatala? Lakini usimusahau Mwana ju ya kumupendeza muzee."

Walicheka na wao. Nani angejua.

Ilikuwa Jumanne ya Novemba, saa tisa mchana. Asubuhi muuguzi alikuwa amesema ni leo au kesho, na mzee mwenyewe alikwisha kataa kupelekwa hospitali. Donat akampigia Myriam, naye akaondoka kazini, lakini barabara ilikuwa imejaa magari na akapiga simu mara mbili akilia ndani ya gari. Donat akavuta kiti karibu. Mzee alikuwa na homa, midomo imekauka, anazungumza maneno mojamoja ambayo hayakuungana. Donat alilowesha pamba, akampangusa midomo. Kadi iko pale kwenye taa. Maneno sita anayo, tangu miezi mingi. Alikuwa tayari kuliko mtu yeyote Brussels nzima.

Pumzi ikabadilika.

Sasa mimi nikuulize, wewe uliyekaa hapo: miaka kumi na tisa, wazee kumi na saba, mkono unangoja ruhusa ya nani? Donat hakuamua. Laiti angeamua, leo angekuwa na kitu cha kutubu. Pumzi ilivutwa, ikasahau kurudi, na dole gumba lake lilikuwa limekwisha kufika kwenye paji la uso la Monsieur Lazar, na mdomo wake ulikuwa unasema kwa jina la Baba, kwa sauti ileile ya chini, ya kubembeleza, aliyowasindikizia wote. Na la Mwana, kifuani.

Mzee akafumbua macho. Hayakuona kitu, lakini uso wote ulibadilika, ukawa makini, wenye hofu, uso wa mtoto anayeulizwa mbele ya watu. Mkono wake wa kulia, ambao tangu jana haukuweza kushika hata kijiko, ukanyanyuka kutoka kwenye shuka. Ukagusa paji la uso. Ukashuka, ukagusa kifua. Ukaanza kutafuta bega.

"Oui, ma sœur," akasema. Ndiyo, Sista. Sauti haikuwa ya mzee wa miaka themanini na sita.

"Hapana!" Donat akapiga kelele. "Hapana, Monsieur, hapana, siyo hiyo!" Akamshika mkono, akauteremsha kwa nguvu, akaanza maneno sita mbiombio, la kwanza, la pili, la tatu, machozi yanamwingia mdomoni, ulimi unajigonga, akarudi mwanzo, akaanza tena. Alipolifikia neno la sita alikuwa analisema peke yake. Mkono aliokuwa ameushika ulikuwa mzito.

Alikaa hapo. Baadaye akafanya anachojua kufanya: akafumba macho, akamfuta uso. Akaunyoosha ule mkono ubavuni. Akautazama kana kwamba ungeweza kumshitaki.

Myriam alifika baada ya robo saa, viatu mkononi, alikuwa amepanda ngazi mbio. Akasimama mlangoni akaona. Hakulia kwanza. Aliuliza: "Alisema?"

Donat alikuwa na ukweli mdomoni, nakuapia. Lakini mwanamke yule alikuwa bado ameshika viatu, na Donat akamtazama, na akasikia mtu anasema, "Alisema."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Ehad."

Myriam akamshika mikono yote miwili, na hata ule wa kulia, hasa ule wa kulia, akaubusu.

Mazishi yakafanyika haraka, ndivyo desturi yao, kisha wakakaa matanga siku saba nyumbani kwa Myriam, Auderghem. Donat akaalikwa. Hakutaka kwenda, Cécile ndiye aliyemvalisha tai. Vioo vyote vilikuwa vimefunikwa shuka, kwa desturi ya msiba wao. Myriam amekaa kwenye kigoda kifupi, nguo imepasuliwa kwenye ukosi. Walikula mayai ya kuchemsha na mkate. Wanaume kumi walikuwepo, hesabu yao ya sala, na Donat akaenda kukaa karibu na mlango wa jikoni, mahali anapokaa kila nyumba ya watu. Myriam akamwona.

"Huyu ndiye Donat," akawaambia wote. "Alikuwa na baba. Alimwongoza kwenye yale maneno."

Wakampisha. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, rafiki wa marehemu, akampa kiti chake mwenyewe. "Lazar alinisimulia habari zako," alisema. "Vipofu wa Bukavu! Wamo kitabuni, nimewasoma. Tueleze, Profesa, hoja ile ya umoja, alivyokuwa anapenda kuieleza."

Profesa. Miaka ishirini na mbili katika mji huu, hakuna mdomo uliowahi kumwita hivyo. Donat akajikuta anasema. Tuseme ni wawili, nini kinawatofautisha? Alieleza yote, kipande kwa kipande, na sufuria ya sombe akaitia humo, na watu waliovaa suti nyeusi wakamsikiliza wakitikisa vichwa, wengine wakitabasamu kwa uchungu kwa sababu walimsikia Lazar ndani yake. Alieleza vizuri. Hakuwahi kufundisha vizuri hivyo hata Bukavu. Alipomaliza aliona kwamba kidole chake kimeinuka, kimoja, kama cha mzee, akakishusha upesi.

"Kwenye jiwe la kaburi," Myriam akasema, "nitaandika jina lake, na chini yake neno moja tu. Ehad. Kwa sababu ndilo aliloondoka nalo."

Donat akamgeukia. "Myriam," akasema.

Wote wakamgeukia. Ilikuwa saa yake. Angesema tu: si kweli, alikufa akiwa mtoto wa masista, na mimi ndiye niliyemrudisha kule. Maneno machache. Yule mzee wa ndevu nyeupe akainama mbele, akaweka kiganja sikioni asipoteze hata herufi.

"Tunakusikiliza, Profesa."

Donat akatazama vioo vilivyofunikwa. "Herufi ziwe kubwa," akasema. "Macho yake hayakuwa mazuri."

Wakacheka, wakalia, Myriam akacheka na kulia kwa pamoja, mtu akampiga Donat begani. Akala yai lake la pili. Akaliteremsha kwa maji, akaomba udhuru.

Aliporudi Chaussée de Wavre jua lilikuwa bado halijazama, na Cécile alikuwa amekwisha kuandaa. Bugali, samaki, sombe. Akamsaidia kuvua koti.

"Na ule muzee," akauliza akipakua, "alifikia ile neno yako?"

"Alifikia."

"Merci Nzambe, aksanti Mungu. Bon, omba basi, tukule."

Donat akanyanyua mkono. Ukagusa paji la uso. Ukashuka, ukagusa kifua. Hapo ukasimama, na yeye akautazama, na Cécile akautazama, sahani ikitoa mvuke katikati yao.

"Unangoja nini?" Cécile akasema. "Malizia, Papa Jémima. Bugali inapoa."